Mazabodi ya Dada

Mwaka huu dada yangu alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukalala. Alikuwa mpiga chapa huko Kisarawe kwa miaka mingi, na barua za nusu ya mji zimepita vidoleni mwake. Hospitalini walisema mkono uchezeshwe kila siku kabla haujakaza. Akakataa. Tulimpa mpira wa kuminya, akautupia uvunguni. Tukampa dengu achambue, akasema dengu hizo ni safi, tukapike. Siku moja tu, wakati namuaga nirudi Kibaha, akasema, "Ile kompyuta yangu ya zamani ingekuwa nzima, ningecheza nyoka wangu."

Nyoka ni mchezo aliokuwa akiucheza saa za chakula, barua zikimsubiri. Mnyama anakimbia kwenye skrini, anakula vitunda, anarefuka, akijigonga anakufa. Unamwongoza kwa vitufe vinne vilivyo mwisho wa kibodi, upande wa kulia. Niliposikia hivyo nikaona njia. Dada anayekataa mpira na dengu angeuchezesha mkono mwenyewe, bila kubembelezwa. Nikaibeba kompyuta siku ileile.

Mimi ni fundi, nina banda Kwa Mathias, hapo Kibaha. Natengeneza simu na redio, na macho yangu yamechoka kuliko ninavyokiri kwa wateja. Nilipoifungua ile kompyuta nikakuta betri ya mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu ndani, imevuja zamani na kuota ukungu wa kijani. Mashine iliwaka, ikaandika kwamba nibonyeze kitufe ili iendelee. Nikabonyeza. Nikabonyeza vyote, haikuitika. Maji ya betri yalikuwa yamekula njia za shaba za kibodi tu, pale pale nilipopahitaji.

Uvujaji wa betri za namna ile huoshwa kwa kitu kikali kama ndimu. Nikaenda nayo nyumbani, Pangani ya hapa Kibaha, nikamkuta mke wangu anachoma muhogo uani, nikamwomba anikamulie ndimu kwenye kibakuli. Akakamua. Nikasugua ubao kwa mswaki mpaka ukang'aa, nikaufuta kwa spiriti, nikauweka kando. Simu za watu zikanishika siku kadhaa. Nilipourudia, njia zilizokuwa nzima nazo zimeota kijani, na pembeni kuna vichembe vyeupe. Nikavigusa kwa ulimi. Chumvi.

"Ulitia chumvi kwenye ile ndimu?" nikamwuliza mke wangu.

"Sasa ndimu bila chumvi unailaje?"

"Sikusema ya kula!"

"Umenikuta na muhogo, umeomba ndimu, ulitaka nifikirie nini? Mshukuru Mungu pilipili zilikuwa zimekwisha."

Fundi mzima nimepokea kibakuli bila kuonja, kisha nimefuta chumvi kwa spiriti ilhali najua haiyeyuki humo. Nikauosha ubao upya kwa maji safi, nikaukausha, nikaanza kuunganisha njia zilizokatika kwa nyuzi nyembamba za shaba. Kazi hiyo ilinila mwezi. Nalehemu uzi mmoja, napima, haupitishi umeme, nautoa. Shingo ikakaza. Mchana nilikuwa nikilaza kichwa mezani, na mteja akigonga najifanya natafuta skrubu. Kila jioni nilikuwa nikimpigia dada kumwuliza mkono unaendeleaje, naye akijibu kwamba upo.

Hatimaye kitufe kimoja kikaitika, kisha vyote. Nilikaa tu. Hata furaha inataka nguvu.

Nikaibeba mpaka Kisarawe, magari mawili na bodaboda, kompyuta imefungwa ndani ya shuka. Nikamwamkia dada, akaitikia marahaba, nikaiwasha mbele yake. Nikamwekea kibodi mapajani, vile vitufe vinne vikiwa chini ya mkono uliolala, nikasimama nyuma yake kama mzazi siku ya matokeo.

Dada alikitazama kibodi. Akakivuta kwa mkono wa kushoto mpaka vitufe vikafika upande huo, akaanza kucheza. Nyoka akapita kulia, akapanda, akala, akarefuka. Alikuwa hodari vilevile. Mkono wa kulia haukutikisika.

"Dada, mkono wa kulia," nikasema.

"Upo, unauona."

"Nimehangaika mwezi mzima kwa ajili ya huo mkono."

Hakuondoa macho kwenye skrini. "Mimi nilikwambia nataka kucheza. Habari za mkono umezileta wewe. Tangu niugue, kila anayeingia humu anausalimia mkono. Mkono haujambo? Mkono umeamkaje? Na wewe kwenye simu, hivyo hivyo. Mimi sijaulizwa hali."

Hasira ilinipanda, kisha ikashuka, ikaniachia aibu. Nilijaribu kukumbuka simu hata moja niliyoianza vingine. Sikuipata. Nyoka akajigonga ukutani, akafa. Nikavuta kigoda, nikakaa ubavuni kwake.

"Dada," nikasema, "hujambo?"

Akauondoa mkono kwenye vitufe.

"Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka sana."

"Na mimi nimechoka, dada."

Akanitazama usoni, akacheka kidogo kwa ule upande wa mdomo unaocheka, akanisukumia kibodi. Ilikuwa zamu yangu.