Matete Tuliyoyakata

Wiki iliyopita niliona mwalimu akiwaambia vijana wa mji wetu wa Baraka, kando ya chemchemi: "Musikate majani haya, ndiyo yanatunza maji." Nilisimama pale mpaka wakaondoka.

Sisi, tulipokuwa wanafunzi, tuliyakata. Ilikuwa Salongo, kazi ile ya lazima, na mwalimu wetu alikuwa ameamriwa chemchemi iwe safi. Sisemi alikuwa mubaya. Alifyeka kuliko sisi wote, mpaka mikono ikatoka malengelenge. Harufu ya matete mabichi ilinipendeza, nikaona tumefanya jambo jema.

Kisha akaja tate, mama wa baba yangu, na mtungi wake. Macho yake hayakuona tena, ila alizoea kufuata ubaridi na harufu ya majani mpaka majini. Akasimama juani, hatua mbili tu kutoka kwenye maji.

"Batoto, maji iko wapi?"

"Tate, fungua macho!" mmoja akajibu, tukacheka. Labda ni mimi niliyejibu, sikumbuki vizuri. Nilidhani na yeye anatania.

Kiangazi kile chemchemi ilikauka. Yeye aliyejitekea siku zote akawa anakaa mlangoni na kikombe, akingoja nimletee maji ya ziwa. Siku nyingi nilisahau.