Siku Nilipolia kwenye Kilio Changu

Ukifika mtaa wetu wa Nyalukemba ukauliza kwa Murhula ni wapi, wa kwanza atacheka, na wa pili atakuuliza, "Murhula gani, marehemu?" Ndiyo, marehemu mwenyewe ndiye mimi, nakula vizuri, nalala vizuri, na kila asubuhi naenda ofisini ambako wenzangu wananisalimia kwa jina hilo bila haya yoyote, haya zote waliniachia mimi. Basi kaeni niwaambie kwa mdomo wangu, maana huku Bukavu kila mtu anausimulia mkasa huu anavyotaka, na wapo wanaodai hata jeneza lilikuwa limeshanunuliwa (uongo mtupu, lilikuwa bado linatafutwa).

Yote yalianza na Shangazi Faida, dada wa baba yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, mimi na watoto wengine wengi wa ukoo. Anakaa Kabamba, kando ya barabara ya Goma. Mwaka jana tulikwenda kule kuzika, na tulipokuwa tunapanda gari kurudi mjini akanishika mkono wa shati.

"Murhula, nyinyi ba Bukavu munakuyaka huku kwa kilio tu. Siku gani utakuya kunisalimia, hakuna mutu alikufa?"

Mtu akibanwa hivyo hujisifu. Nilikuwa nimenunua baiskeli (sisi tunaiita kinga) kwa amri ya daktari, kwa ajili ya hili tumbo langu linalofika mahali kabla yangu, na pale pale nikamwambia nitakuja kwa kinga, nitalala kwake, kesho yake niendelee mpaka Goma. Shangazi akacheka, kisha akajifuta machozi, akasema atanichinjia jogoo. Baada ya machozi yale ningerudije nyuma?

Na watu walinisaidia jamani, sitasema uongo. Mke wangu, Maman Aline, alifungua kikundi cha WhatsApp akakiita "Murhula Mpaka Goma", akawaingiza ndugu wote wanaokaa kando ya barabara ile. Rafiki yangu Bahati alinifanyisha mazoezi kwenye vilima vya Kadutu, ambako siku moja maman mwenye gunia la makaa mgongoni alinipita kwenye mwinuko, akanigeukia, akaniambia pole. Siku ya safari Maman Aline alifunga kipande cha kitenge chake cha njano kwenye usukani, ili ndugu wanitambue kwa mbali, na padri akainyunyizia kinga maji ya baraka, mimi nikapata yaliyobaki.

Sasa hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la mtu wa kwetu. Huwezi kupita mlangoni kwa ndugu bila kula. Ukisema umeshiba wanasikia umewadharau. Pale Mudaka shemeji yangu alikuwa ameshaandaa bugali na sambaza, vile vidagaa vya ziwa letu. Pale Miti ilikuwa maharagi na ndizi, kwa baba yangu wa ubatizo, ambaye alikaa mbele yangu akihesabu matonge kwa macho. Kavumu, bugali tena, na sombe ya majani ya muhogo, na mbuzi. "Kula, uko na safari!" Halafu kila nyumba inanipiga picha na kuitupa kwenye kikundi: amekula vizuri, tunamukabidhi kwenu. Binamu yangu wa Lwiro, ambaye kwake ni juu kilimani na nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa hilo, alishuka mwenyewe mpaka barabarani na sufuria kichwani.

Baada ya sufuria ile sikuwa tena mwendesha kinga. Kila nikikanyaga pedali, goti linapiga tumbo, tumbo linapiga moyo. Na simu ikalia, mjomba wa mke wangu, yule wa Katana: "Murhula, bugali iko moto, ufanye mbio!"

Nikaizima simu. Kitendo kidogo tu, kidole kimoja.

Nilikuwa nimekaa kando ya barabara nikihema wakati lori lililobeba magodoro liliposimama, dereva akatoa kichwa. "Papa, uko mugonjwa?" Nikamwambia nimeshiba. Akanitazama kwa huruma ya kweli, akaifunga kinga yangu juu kabisa ya mzigo, nami nikapanda, nikajificha chini ya turubai katikati ya magodoro ili mjomba wa Katana asinione. Mpango wangu ulikuwa safi: kabla ya kona ya Kabamba nigonge bati la dereva, nishuke, nijimwagie maji usoni yafanane na jasho (ndiyo, nilifikiria hata jasho), kisha niingie kwa Shangazi nikipiga kengele. Lakini nani kati yenu, akiwa ameshiba namna ile, alishawahi kulala kwenye magodoro mapya asisinzie?

Dereva, mtu wa watu, akangoja nigonge. Sikugonga.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Mjomba akaona kitenge cha njano kinapita juu ya lori, kinga chini yake, mwenyewe hayupo. Akapiga simu yangu, imezimwa. Akampigia Shangazi: "Kinga ya Murhula inapita juu ya camion. Mwenyewe haiko." Na Shangazi alikuwa barabarani pamoja na kwaya nzima ya parokia, wamevaa sare, wananisubiri na ngoma. Lori lilipotokea wakapunga mikono lisimame, dereva akadhani ni shangwe, akawapigia honi, akapita. Kwetu kila mtu anajua kinga ikirudi juu ya gari bila mwenyewe maana yake ni nini. Shangazi akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Mimi niliamshwa Kalehe, sokoni. "Papa, Kabamba tulishapitaka zamani. Nilizania ulibadilisha mawazo." Nikashusha kinga, nikageuza, bado nikidhani aibu yangu ni ya kuchelewa tu. Karibu na Kabamba nikawakuta wamama wanatembea haraka, vitenge vimefungwa kiunoni.

"Kilio ya nani, bamaman?"

"Ya mutoto ya Maman Faida. Ule alilelaka yeye mwenyewe."

Nikamfikiria mdogo wetu Cito, aliyekuwa akiugua tangu Pasaka. Nikalia juu ya kinga, kamasi na yote. Kwetu huingii msibani macho makavu, unaanza kulia ukiwa bado njiani ili walio ndani wakusikie unakuja, basi mimi kinga niliitupa kwenye uzio, nikaweka mikono kichwani, nikaingia. "Yooo! Mutoto wetu! Unaenda bila kutuaga! Shangazi eeh, tutabakia na nani!" Na sikuwa naigiza. Watu walikuwa wameinamisha vichwa, mtu akasogea kunipa nafasi kwenye benchi bila kuinua macho, mwingine akanipa kitambaa, nikakaa, nikaendelea.

Mzee mmoja kando yangu akanipapasa goti. "Pole, papa. Ulikuwa unamujua?"

"Ni ndugu yangu kabisa, muzee."

"Alikuwa mutu muzuri. Lakini mwili ilikuwa kubwa sana kwa ile kinga."

Nikashusha kitambaa. "Kinga gani?"

Ndipo nikainua uso. Mbele, juu ya stuli iliyotandikwa kitambaa cheupe, palikuwa na simu imesimamishwa kwenye glasi, mshumaa kando yake, na kwenye simu picha: mimi, Kavumu, mdomo umejaa bugali.

Kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Mzee wa goti akavuta mkono wake polepole, akautazama. Kisha benchi letu likabaki na mtu mmoja, na kiongozi wa kwaya, mama mzito kama mimi, aliruka uzio ambao hata mbuzi wa Shangazi hawaruki.

Shangazi peke yake hakukimbia. Alikuwa kwenye mkeka, kilemba kimeanguka, uso umevimba. Akasimama, akanishika mashavu, akanishika tumbo, akaona ni lenyewe. Kisha akanipiga kofi.

"Simu yako iko wapi?"

"Niliizima, Shangazi. Sababu ya bugali."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilitamani mtu mmoja acheke. Shangazi akasema kwa sauti ndogo, "Murhula, nilikuomba siku moja tu ya kunisalimia bila kilio. Siku moja."

Kofi lile silikumbuki uchungu wake. Maneno yale nayakumbuka.

Giza lilipoanza kuingia basi dogo la kukodi likafika kutoka Bukavu, Maman Aline, Bahati na nusu ya ofisi yangu, wote wamevaa nyeusi. Maman Aline aliponiona akanipiga na mkoba wake, akanikumbatia, akanipiga tena, na hakuniachilia hata Bahati alipomwambia, "Maman Aline, mubakishe kidogo, na sisi tumupige."

Jogoo, bila shaka, alikuwa ameliwa na waombolezaji. Lakini Shangazi aliingia ndani akatoka na sahani iliyofunikwa, bugali na firigisi, ile anayotengewa mwanamume wa nyumba. "Nilikuwa nagawa nyama na kulia, lakini hii mukono ilikataa kuitoa. Kula." Nilikuwa nimeshiba mpaka kooni, jamani. Nikala yote, naye akakaa akitazama kila tonge linavyoshuka.

Goma sijafika hadi leo. Kesho yake nilirudishwa kwenye basi la msiba, kinga juu ya paa, kitenge cha njano kinapepea, na pale Katana mjomba akasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni. Tulishuka, tukala.

Kikundi cha WhatsApp kilibadilishwa jina siku ile kikawa "Kilio cha Murhula", na hakuna aliyekubali kulirudisha la zamani. Mimi nimeapa: simu sizimi tena, na safari zangu sizitangazi kwa mtu. Kila mwezi napanda taxi, nakaa mbele, nakwenda Kabamba. Shangazi hukaa mlangoni, na akiniona nashuka, kabla hata ya kunisalimia, huwapigia kelele majirani zake:

"Mumuone! Anakuya kunisalimia tu! Hakuna mutu alikufa!"