Pikipiki Yangu na Barua za Uhamisho

Wa kwanza kunisema alikuwa baba mdogo. Aliizunguka pikipiki yangu mara mbili pale uani kwa mama, Unyambwa, akaligonga tangi kwa kidole, akayatazama masanduku mawili ya bati yaliyofungwa ubavuni, kisha akaniuliza, "Hii ndiyo ile nyumba uliyosema unajenga?"

Nikamjibu ndiyo, baba, na ina faida moja, haidai kuezekwa. Hakucheka. "Wenzako nyumba zao wanalala ndani," akasema, "wewe yako unaikalia."

Basi na iwe hivyo, nilijisemea. Nilikuwa na miaka thelathini kasoro, sina mume, sina mtoto, nina cheti cha mifugo na mshahara wa serikali uliokuja unapojisikia. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilikuwa vimerudi madukani, sabuni, sukari, redio, na pale sokoni Singida ungeweza kuchambua mlima wa mitumba ukatoka na koti la ngozi la mtu mnene kuliko ukoo wenu wote. Langu nililipata hivyo. Lakini miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokausha ofisi yetu. Majosho hayakuwa na dawa. Gari la idara lilikaa juu ya mawe mwaka wa pili, na kuku wa mlinzi walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Kazi yangu ilikuwa kuchanja na kutibu ng'ombe wa watu vijijini, na ng'ombe hawaji ofisini.

Pikipiki niliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akitoka nayo kusini kabisa ya Afrika kwenda kaskazini, peke yake, kwa kupenda tu. Alipofika kwetu akaingia korongoni na kuvunjika mkono, akawa hawezi kuendelea nayo wala kurudi nayo. Mafundi wa mjini waliitazama wakasema ni kubwa mno, hata spea hazipatikani. Mimi nilitazama tangi lake nikaona safari ya vijiji kumi bila kuomba mafuta kwa mtu. Nikatoa akiba yangu yote ya matofali na mabati. Kadi iliandikwa jina langu, na nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye yalisemwa mengi.

Ilikuwa ya Kijapani, silinda moja, ndefu. Nilipoikalia mara ya kwanza miguu ilining'inia. Nikakifungua kiti nikampelekea fundi wa makochi, akakata sponji hadi vidole vyangu vikafika chini. Kuwasha ilikuwa kwa kiki tu. Tena haikutaka hasira: kuna kijichuma unakibana kwanza, unaushusha mguu taratibu mpaka usikie umefika mahali pake, ndipo unaruka na uzito wako wote. Injini ikiwa baridi, mara moja. Ikiwa ya moto, Mungu ndiye ajuaye.

Bwana mkubwa wa idara aliniita siku ya tatu. Alikuwa mtu wa maneno laini, anayekunja mikono mezani kana kwamba anaombea chakula. "Mwanamke akipanda chombo kile," akasema, "ofisi inachekwa."

"Ofisi imeshachekwa na kuku, mzee," nikasema.

Ulimi wangu haujawahi kuniletea cheo. Mwezi ule ule, kutoka Mwankoko, ambako ningeweza kufanya kazi kwa miguu na kurudi mjini kula chakula cha mchana, nilihamishiwa Mungaa. Usafiri wa mizigo haukuwepo, idara ilisikitika. Nikafunga godoro nyuma, nikatia sufuria na nguo sanduku la kulia, vitabu na vifaa vya kazi la kushoto, nikaondoka. Upepo wa Singida mnaujua, unapita kati ya yale majabali ukikutafuta wewe tu. Godoro lilikuwa tanga. Nilifika Mungaa nimeegemea upande mmoja mpaka shingo ikauma siku mbili.

Huko ndiko nilikofanya kosa langu kubwa, na halikuwa la kuendesha. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mzee mmoja amesimama kwenye lango la zizi lake, kando ya njia. Nikapunguza mwendo, nikainua mkono, nikapaza sauti ndani ya helmeti, "Shikamoo!" nikapita. Sikuzima injini kwa sababu ilikuwa ya moto na nilijua kiki zake. Kesho yake nilipanga chanjo. Nikakaa tangu asubuhi na sindano zangu, na hakuletwa hata ndama. Saa saba mchana mama mwenye nyumba niliyopanga akanionea huruma.

"Yule mzee anasema hajakuona bado," akaniambia. "Anasema imepita kofia inapiga kelele."

Nilikasirika, kisha nikaona aibu, kwa sababu mzee alikuwa na haki. Kwetu hata mwenye baiskeli hushuka. Mtu mzima hasalimiwi kutoka juu, tena na mtu asiye na uso. Baba yangu angekuwa hai angenichapa kwa hilo na umri wangu ule. Nikatoka, nikazima injini mbali, nikavua helmeti, nikajifunga kitenge juu ya suruali, nikaisukuma pikipiki hadi langoni kwake.

"Shikamoo baba."

Akanitazama kwanza. "Marahaba. Kumbe una uso." Akaitazama pikipiki. "Haya, liwashe tulione."

Watu walikuwa wameshajaa. Wanaume wa Mungaa waliacha walichokuwa wakifanya, na sidhani kama walikuwa wakifanya kitu. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu ikanirudishia teke hadi gotini. Nikasikia mtu akisema "basi tena" na wengine wakacheka. Ya nne, ya tano, jasho linaingia machoni, kitenge kimefunguka, nikakitupa juu ya boma na kubaki na suruali yangu mbele ya kijiji kizima. Ya saba ikawaka. Mzee hakusema umefanya vizuri. Alisema, "Ng'ombe utawapata kesho," akaingia zizini.

Tangu siku ile nilishuka kwa kila mzee. Safari ya saa moja ikawa ya saa tatu, shuka, vua, shikamoo, habari za mifugo, habari za mvua, panda, piga kiki. Watu wa mjini waliponicheka kwa hilo niliwaambia kwamba kumshukia mzee hakunipunguzii kitu. Mguu wangu wa kulia ukawa mnene kuliko wa kushoto, na ng'ombe wa Mungaa wakachanjwa.

Labda kazi hiyo nzuri ndiyo iliyoniponza. Baada ya mwaka mmoja na nusu bwana mkubwa aliniita tena mjini. Mikono mezani, kama kawaida. Akasema serikali inapunguza watu, kila idara imeambiwa ilete majina, na yeye hapendi jina langu liwemo. Kuna meza tupu pale ofisini. Ningekaa Singida, karibu na mama yangu, nikiandika taarifa za wengine. Pikipiki ningeiachia idara, maana kuna bwana mmoja mpya anakwenda vijijini na hana usafiri, nao wangenifidia siku fedha zikipatikana.

"Na nisipoiacha?"

Akatoa barua ya uhamisho iliyokuwa tayari imepigwa chapa. Itigi. Siku saba za kuripoti. "Ukichelewa," akasema kwa upole uleule, "tutaelewa kwamba umeacha kazi mwenyewe. Mbio za sakafuni, dada yangu, huishia ukingoni."

Nilielewa vizuri. Ilikuwa masika, zile mvua zilizokata kila kitu. Treni ilikuwa haijapita kwa siku kadhaa, na malori ya Manyoni, ndiyo njia ya Itigi, yalikuwa yamelala njiani. Alijua siwezi kufika, na kwamba nisipofika atakuwa amenifukuza bila kuandika neno lolote baya. Nikaichukua barua kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikatoka.

Mama hakunipa nafasi ya kujieleza. Alikuwa anapepeta uwele. Mzaha wake ni wa Kiswahili. Akitaka jambo lichukuliwe kwa uzito husema Kinyaturu, na siku ile alisema Kinyaturu tangu mwanzo. "Kaa mezani, mwanangu. Meza haianguki."

"Meza haifiki kwa ng'ombe, mama."

"Na ukifa njiani?"

Nilimwambia kazi hii ndiyo kitu pekee duniani ninachokijua vizuri, na kwamba nikimpa yule bwana pikipiki, mwakani atataka na meza. Mama akaendelea kupepeta. Kisha akaingia ndani, akanifungia ugali wa uwele na mlenda mkavu kwenye kitambaa. Nililia ndani ya helmeti hadi Ikungi, na kwenye mvua hakuna aliyejua.

Siku mbili nilizipoteza nikingoja makorongo yapungue. Baada ya hapo sikungoja tena. Kabla ya Manyoni kuna mbuga ya udongo mweusi, na siku ile haikuwa na barabara, kulikuwa na malori tu, yamepangana, yamezama hadi ekseli. Matope yalijaa kwenye gurudumu la mbele mpaka likagoma kuzunguka. Nikaanguka. Nikaisimamisha, nikachokonoa matope kwa kijiti, nikaenda hatua hamsini, nikaanguka tena, safari hii pikipiki ikalala kabisa na mafuta yakaanza kuvuja. Utingo mmoja juu ya shehena ya alizeti akapiga kelele, "Dada, hiyo imelala, haiamki!"

Ukitaka cha uvunguni sharti uiname. Nikaipa pikipiki mgongo, nikachuchumaa hadi makalio yakagusa kiti, nikashika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, nikasukuma kwa miguu huku nikirudi nyuma kidogo kidogo. Ikaamka. Halafu wakashuka kutoka juu ya lori, watu wanne, bila kuombwa, wakanisukuma hadi ng'ambo, na yule utingo akanipa kisu chake nikwangulie matope.

Kutoka Manyoni ni kichaka. Vichaka vya Itigi havina mahali pa kutazama, ukuta kushoto na ukuta kulia, na mbung'o wanaopenda kitu kinachokwenda. Walinifuata wakiniuma kupitia koti la yule mnene wa Ulaya. Sikusimama kwa sababu ukisimama wanakuwa wengi. Niliimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua na nyingine zisizo za kanisani.

Niliingia ofisi ya tarafa Itigi siku ya saba, saa nane mchana, nikiacha matope kwenye sakafu yao iliyokuwa imepigwa deki. Nikamwamkia katibu tarafa, nikamwambia mimi ndiye bibi mifugo waliyeletewa.

"Hatujaletewa mtu," akasema. "Hatuna barua yoyote."

Nikampa nakala yangu. Ilikuwa imelowa, akaitandaza mezani akaisoma pole pole, akatazama tarehe, akanitazama mimi, akatazama dirishani kwenye pikipiki. "Umepita wapi?"

"Barabarani."

Nikamwomba aandike kwamba nimefika, na siku, na saa. Akaandika, akagonga mhuri mara mbili, wa pili bila sababu ninayoijua. Barua ya ofisi ilifika baada ya wiki mbili, na treni ya kwanza.

Nilifanya kazi Itigi miezi kumi. Wafugaji wa kule, Wagogo na wengine, wana ng'ombe wengi na maneno machache, na kila mmoja alikuwa anajua sauti ya pikipiki yangu kabla haijatokeza. Yalianza kufunguliwa maduka ya dawa za mifugo ya watu binafsi. Nikanunua sindano zangu mwenyewe kwa sababu za serikali zilikuwa butu, na wenye ng'ombe wakazoea kunifuata mimi badala ya ofisi.

Ndipo barua ya wanaopunguzwa kazini ikaja. Jina langu lilikuwemo. Kufika siku ya saba hakukunisaidia kitu. Nilichokipata ni kwamba waliandika wamenipunguza, hawakuweza kuandika kwamba nimeacha. Kwangu hiyo ni tofauti kubwa, na mpaka leo natembea nayo. Bwana mkubwa naye alifuata katika mkupuo wa mwaka uliofuata. Nilidhani nitafurahi, sikufurahi.

Nilitakiwa kurudisha mali ya serikali Singida. Nikayapanga mezani kwa karani wa stoo: kasha la chanjo, mabomba mawili ya sindano, koleo la kuhasia, buti za mpira zilizotoboka. Akaweka alama kila kimoja. Kisha akanyoosha kalamu dirishani. "Na ile?"

Nikamwonyesha kadi. Akasoma jina, akasoma tena, akanirudishia bila kunitazama. Nadhani aliona haya kwa niaba ya watu wengi. Akanipa fomu nitie sahihi kwamba kuanzia siku ile sina kazi, nikatia. "Pole sana, dada," akasema. "Sasa unaelekea wapi?"

Ikungi kulikuwa na mama mmoja aliyenitumia ujumbe kwamba ng'ombe wake wa maziwa hali majani tangu juzi. Nikaichukua helmeti yangu mezani kwake.

"Kazini," nikamjibu.