Utani wa Kusubiri Boti

Mpaka leo, nikisikia harufu ya mandazi ya moto imechanganyika na moshi wa mazutu ya injini, hugeuka kutazama ziwani kabla sijajua sababu. Ni harufu ya bandari ya Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, ya kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi, Mama akiuza chai na mandazi chini ya banda la mabati walikosubiri abiria. Boti za kwenda Moba, Uvira na Kigoma zilikuwa na saa zao wenyewe. Uliambiwa asubuhi, ikawa kesho. Uliambiwa kesho, ikawa Jumapili baada ya misa. Kwa hiyo watu walikaa. Walikaa juu ya magunia, juu ya magodoro yaliyokunjwa, juu ya ndoo zilizopinduliwa, na mbele yao ndakala, wale dagaa wa ziwa letu, zilianikwa mchangani, zikimeta mpaka macho yanauma. Baada ya nusu siku ya kukaa kimya na mtu usiyemjua, mdomo huanza kuwasha.

Hapo ndipo utani ulipoingia. Wazee wetu wana watani wao wa ukoo, wanaojulikana tangu zamani, lakini pale bandarini kila aliyesubiri boti alikuwa mtani wa kila mtu. Ulichagua nchi uliyowahi kuishi, au uliyopita tu, au hata uliyoisikia, ukaisifu, na wenzako wakaichana vipande. Aliyekasirika ndiye aliyeshindwa, na aliyeshindwa aliwanunulia wenzake chai, jambo ambalo Mama hakulichukia hata kidogo. Kisha boti ikilia, watu walifuta. Ulikisugua kiganja chako na kiganja cha uliyemtania, mara moja tu, kama mwalimu anavyofuta ubao, mkasema “tumefuta”, na yote yaliyosemwa yakabaki bandarini. Hakuna neno la utani lililopanda boti. Nililijua hilo kama nilivyoijua sala ya Baba Yetu.

Jamani, watu wale walikuwa na maneno! Nakumbuka papa mmoja, kama tunavyowaita akina baba, wa Ankoro, mchuuzi wa samaki wa moshi, aliyesubiri wiki nzima. “Burundi?” alisema. “Kule hakuna fasi ya sawasawa, ni vilima tu. Kitunguu kikikutoroka mu mikono, unaenda kukiokota Rwanda na pasipoti.” Mama mmoja aliyeishi Zambia akadakia: “Zambia njo inchi ya heshima. Hata mwizi anabisha hodi. Ukimuambia ngojea, navaa, anangojea.” Mimi nilikuwa sijavuka kijiji cha Mpala, kwa akina baba, lakini niliijibu kila nchi. Tembea uone, hunena wahenga. Mimi niliona bila kutembea. Kazi yangu ilikuwa kuosha vikombe, lakini watu wazima walinipisha nafasi nikae katikati yao, wakaningoja nifungue mdomo. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumbani hakuna aliyecheka tena. Pale chini ya mabati nilimsikia Mama akicheka, na nilijipa jukumu la kumchekesha kila siku.

Katikati ya wiki ile walikuja mume na mke nisiowajua. Mwanamke alivaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri, mume alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya majani. Walisema wanasubiri boti ya Kigoma. Kwa siku tatu walikaa karibu na meza yetu na kununua chai ingawa hakuna aliyewashinda. Mama aliwahudumia bila kuwatazama usoni. Ningalipaswa kuliona hilo, maana Mama alimtazama kila mtu usoni, hata polisi. Mimi niliona wasikilizaji wapya tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Siku ya tatu, zamu ya kusifu ilimfikia yule mwanamke. Alisema Kigoma watoto wanakunywa chai ya maziwa kila asubuhi na wanasoma mpaka wanachoka wenyewe. Papa wa Ankoro akamkatiza: huko watu wanasalimiana mpaka ugali unapoa. Watu wakacheka. Mwanamke hakumjibu. Alinigeukia mimi. “Wewe binti una maneno mengi. Nikikuchukua twende wote Kigoma, utalia?”

Banda lote lilinyamaza kunisubiri, nami niliupenda ukimya ule. “Nilie juu ya nini?” nikasema. “Mimi nimechoka na ndakala. Unibebe leo leo. Hata Mama simuagi.”

Kicheko kilichozuka kilitisha kuku. Papa wa Ankoro alijipiga paja. “Mama, mutoto amekuuza!” Nilimtazama Mama nione kama nimemchekesha. Alicheka, pindo la kitenge likiwa mdomoni, lakini alichelewa kidogo kuliko wengine. Nilidhani anatafuna andazi.

Boti ililia asubuhi iliyofuata. Watu waliruka, wakaanza kukusanya mizigo na kufuta, viganja kwa viganja, “tumefuta, tumefuta.” Nilimwendea yule mwanamke na kumnyoshea mkono wangu. Aliushika. Hakuusugua. Aliushika tu, kwa upole, na hakuuachia. Nilipogeuka, Mama alikuwa ameinama chini ya meza ya mandazi akivuta begi ambalo kwa siku tatu nilikuwa nikiegemeza miguu yangu juu yake. Ndani yake mlikuwa na nguo zangu, na lile gauni la Jumapili juu kabisa.

“Huyu ni shangazi yako,” Mama alisema. “Dada ya papa yako. Alienda Kigoma mbele hujazaliwa. Utaenda naye.”

“Mama, sitaki.”

“Ulisema mwenyewe. Mbele ya batu.”

“Nilikuwa natania!”

Papa wa Ankoro alishusha gunia lake la samaki. “Mama,” alisema polepole, “ile ilikuwa utani.” Mama akamjibu bila kumtazama kuwa haya si ya kwake. Naye akalibeba gunia lake. Wote waliojua kanuni walikuwa pale, na wote walipanda boti. Nililia mpaka sauti ikanikauka, na kweli, kama nilivyojitapa, sikumuaga Mama. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Sitamsingizia shangazi. Hakuwa na mtoto, na alinipenda. Chai ya maziwa ilikuwepo kila asubuhi, na nilisoma mpaka nikachoka mwenyewe. Mama alibaki na wadogo zangu watatu na meza ya mandazi, na leo nikiwa mama najua hesabu aliyoipiga. Lakini huko Kigoma sikutania tena. Watoto walikicheka Kiswahili changu, majibu yakanijaa kinywani, nikayameza. Majirani walinisifu kuwa mtoto wa Kongo ana adabu. Haikuwa adabu, ilikuwa hofu. Nilishaona kwamba neno la mchezo linaweza kukamatwa na kutumiwa kukufunga. Miaka mingi baadaye shangazi alinieleza maneno aliyoambiwa na Mama: “Mukimuuliza sawasawa atakataa, na mimi nitashindwa kumutoa. Mumuulize mu utani.” Basi kumbe hata swali lile lilitoka kwake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nimerudi Kalemie, nafundisha shule ya msingi, na Mama anaishi kwangu. Nikipita bandarini, abiria bado wanakaa siku mbili tatu, lakini kila mmoja ameinamia simu yake, anaongea na watu wake wa mbali, na jirani yake juu ya gunia hamjui hata jina. Wanasema siku hizi dunia imekuwa karibu. Mimi nawakumbuka wale wageni waliobishana juu ya nchi ambazo nusu yao hawakuzikanyaga, na kelele zao nazikumbuka kwa hamu. Hata hivyo, jirani akimwuliza binti yangu kwa mchezo, “Utakuja kukaa na mimi?” najibu mimi kabla yake, na kwa sauti kali kuliko inavyostahili. Watu hunishangaa.

Mwezi uliopita tulikuwa uani, Mama nami, tunamenya muhogo. Kwa mara ya kwanza aliligusa jambo lile mwenyewe. Alisema aliogopa machozi yangu.

“Ungeniuliza,” nikamwambia, “ningelia. Ningekataa. Halafu ningeenda, Mama. Lakini ningekuaga.”

Akaweka kisu chini, akajipangusa mkono kwenye kitenge, akaninyoshea kiganja. “Tufute basi, mwanangu.”

Niliutazama mkono ule, umekunjamana, una makovu ya mafuta ya mandazi. Nilitaka kuugusa, sitadanganya.

“Boti ilisha kwenda, Mama,” nikamwambia, nikachukua muhogo mwingine.