Vidole vya Mama na Fomu ya Mjomba

Mama alikuwa na vidole laini kuliko vya mtoto mchanga. Mtu akimsalimu kwa mara ya kwanza alidhani amekutana na mwanamke wa ofisini. Kumbe yalikuwa ni mawe. Alisugua vinyago vya mawe ya sabuni, haya mawe yetu ya Kisii, akiwa ameketi nyuma ya jikoni nyumbani karibu na Kiogoro, beseni la maji mbele yake. Mchongaji akishachonga kiboko au twiga, humpelekea mwanamke akisugue kwa msasa ndani ya maji mpaka kiteleze. Mama aliifanya kazi hiyo tangu usichana wake. Vinyago vilitoka vinang'aa, na vidole vyake vikaisha mistari kidogo kidogo, bila yeyote kugundua.

Sikujua kwamba siku moja mtu anaweza kuihitaji hiyo mistari.

Baba alipompeleka kuandikishwa kwenye bima ya afya ya serikali, niliwasindikiza. Nafanya kazi saiba, duka la kompyuta mjini Kisii, kuwajazia watu fomu na kupiga chapa barua, na kwa hivyo nyumbani mimi ndiye mtaalamu wa kila kitu chenye waya. Mama akaweka kidole gumba kwenye kimashine cha kusoma alama za vidole. Taa ikawa nyekundu. Akaweka cha pili, nyekundu tena. Akafuta mikono kwenye leso na kuvijaribu vyote kumi, kimoja kimoja. Karani hakuwa mtu mbaya. Alitueleza kwamba mashine haioni chochote pale, na kwamba turudi na barua ya chifu ili tatizo lipelekwe juu.

Njia nzima Mama alicheka. Alisema kumbe angeweza kuiba benki miaka yote hii na polisi wasimpate.

Mimi pia nilicheka. Mimi hucheka haraka, ndivyo nilivyo. Wakati huo nilikuwa na ndoto ya kufungua ofisi yangu yenye mlango wa kioo, na kiti kimoja cha kuzunguka ambacho Mama angekaa akija kunitembelea.

Barua ya chifu ilichelewa. Baba alienda mara tatu, na kila mara aliambiwa chifu yuko mkutanoni. Hapo ndipo mjomba alipopata nafasi yake.

Mjomba, kaka yake Mama, aliishi Nyamira na alikuwa wakala wa kampuni moja ya kibinafsi ya bima. Sisi ni Wasabato, yeye ni Mkatoliki, kwa hivyo siku ya mabishano ilikuwa Jumapili: anatoka misa, anafika kwetu na tai yake, anapewa chai, na kabla kikombe hakijafika nusu yeye na Baba wameshaanza. Walibishana kwa raha, kama watu wanaocheza bao. Baba alishikilia kwamba afya ya mtu si kitu cha kuachia mfanyabiashara. Mjomba alishikilia kwamba serikali haijui hata kuweka balbu kwenye zahanati.

"Shemeji," Baba alimwambia Jumapili moja, "kampuni ni kama ng'ombe. Usipomfunga kamba kando ya barabara, atakula mahindi ya jirani. Hiyo kamba ni serikali."

"Na ukimfunga kamba fupi sana atakula nini, shemeji? Vumbi?"

"Atakula pale nilipomwonyesha. Na nikidhulumiwa, mimi mlango wa chifu naujua. Wa kampuni yako uko wapi?"

"Mlango wa chifu unaujua vizuri sana," mjomba akasema akikoroga chai. "Ni chifu mwenyewe hujamwona."

Mama alicheka mpaka akashika kifua. Wote tulidhani ni kicheko.

Lazima niseme habari ya hicho kifua. Miaka michache kabla ya hapo daktari alimwambia Mama kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi vizuri. Alipewa dawa, na wazee wa kanisa wakaja nyumbani kumwombea. Akapata nafuu. Akaanza kupanda mlima kutoka mtoni na ndoo kichwani, akiongea. Basi Sabato moja akasimama mbele ya kanisa zima, amevaa gauni lake la bluu, akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemponya moyo. Watu walilia. Nilijivunia kuwa mtoto wake. Baada ya siku ile hakurudi kliniki, maana angeenda kutafuta nini?

Baba, kwa uchovu wa kumtafuta chifu, hatimaye alikubali Mama aandikishwe kwa kampuni ya mjomba. Mjomba akaniachia fomu ya kampuni, akaniambia nijaze kila kisanduku kwa ukweli nisimwangushe, kisha akawahi gari la Nyamira. Tuliijaza Mama na mimi nyuma ya jikoni, mikono yake ikiwa bado na unga mweupe wa mawe. Nilimsomea maswali naye akajibu, mpaka tukafika pale palipouliza kama amewahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo.

Nikainua kalamu. Yeye akaendelea kusugua.

"Mama, hapa niandike nini?"

"Andika hapana."

"Lakini daktari alisema."

"Daktari alisema, na Mungu akasema." Akaniangalia. "Nilisimama mbele ya watu, mwanangu. Nikiandika ndiyo, nitakuwa nilimdanganya nani?"

Nilikuwa nimejaza mamia ya fomu. Nilijua kisanduku kama hicho kinamaanisha nini. Lakini aliyejibu hakuwa mteja, alikuwa Mama. Nikaandika hapana, kwa mwandiko wangu mzuri ambao mjomba alikuwa akiusifu, na kwa kuwa aliuamini hakuisoma fomu alipoipokea. Mama akatia sahihi.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, miguu yake ikavimba. Alishindwa kupanda mlima hata bila ndoo. Hospitalini wakasema mlango ule wa moyo umeharibika kabisa, na anahitaji upasuaji. Mjomba alikuja mbio, akatuambia tusiwe na wasiwasi, hii ndiyo siku aliyokuwa akiihubiri. Akapiga simu, akatuma karatasi. Alikaribia kuwa na furaha, maskini, kwa kupata nafasi ya kumshinda Baba.

Kampuni iliomba faili ya zamani ya Mama. Kisha ikajibu kwa barua fupi: ugonjwa ulikuwepo kabla ya bima na haukutajwa, kwa hivyo hawatalipa.

Mjomba aliisoma akiwa amesimama kwenye korido ya wodi. Aliisoma mara mbili, akakaa chini. Baba alichukua koti lake akaenda kwa chifu, na safari hii aliketi mlangoni tangu asubuhi mpaka akampata.

Barua ya chifu ilipokelewa, lakini majibu ya kutoka juu hayakuja. Muuguzi mmoja ndiye aliyetupa matumaini. Aligeuza geuza vidole vya Mama akasema mistari haipotei kabisa, hurudi, mradi mkono upumzike. Asiguse msasa, asifue, apakwe mafuta kila siku.

Nikaifanya kazi hiyo. Wiki kadhaa nilimpaka mafuta asubuhi kabla ya kwenda saiba na jioni nikirudi, kidole kwa kidole. Hakuwa amezoea kukaa bure na alinilaumu kwamba ninamfundisha uvivu uzeeni. Nilikuwa nikikiinua kidole gumba dirishani kuangalia. Siku moja nikaona mstari mmoja mwembamba, kama uzi. Nikamwita Baba, akaja na miwani yake, naye akauona. Tulikuwa na furaha siku hiyo kama watu waliopata mtoto.

Jumatatu moja kimashine kiliwaka kijani. Mama alikuwa ameegemea bega langu kwa sababu pumzi ilikuwa fupi. Aliitazama ile taa akatabasamu, akasema, "Kumbe nipo."

Bima ya serikali ikamkubali. Akaandikwa kwenye foleni ya upasuaji. Alifariki Alhamisi, akisubiri kitanda.

Tulimzika nyumbani, kando ya migomba. Wageni walipopungua, Baba na mjomba waliketi kwenye viti vya plastiki nje, na kwa mara ya kwanza niliwasikia wakibishana bila raha. Na kila mmoja alikuwa amehamia upande wa mwenzake. Mjomba, bila tai, alisema kampuni zifungwe hiyo kamba, tena fupi, ziamrishwe na sheria kumpokea mgonjwa na ugonjwa wake. Baba alisema kamba gani, mkono ulioishika ndio uliomwacha mke wake nje kwa sababu ya vidole. Kisha mjomba akasema kwamba bado haelewi, kwamba dada yake hakuwa mwongo, hajui jibu lile liliingiaje kwenye fomu.

Nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe. Nikaiweka chini kwenye nyasi.

"Ni mimi niliyeandika hapana," nikasema. "Niliuliza, akakataa, nami nikaandika. Nilijua."

Mjomba aliniangalia kisha akatazama migomba. Nilingoja Baba anifukuze. Baba huniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yake, na nilidhani siku hiyo hataniita hivyo tena.

"Mama," akasema, "Sabato ile ya ushuhuda nilikuwa nimeketi kiti cha pili kutoka mbele. Mimi ndiye niliyesema amina kwanza."

Mjomba aliinama akaanza kuokota vikombe kutoka kwenye sinia, akavipanga upya ingawa vilikuwa vimepangika.

Nyuma ya jikoni vilibaki viboko saba ambavyo havijasuguliwa. Mchongaji alikuja kuvichukua, nikamwomba aniachie. Nasugua Jumapili, ile siku ya mabishano, kwa sababu sasa nyumba iko kimya na mjomba akija humaliza kikombe chake na kuondoka. Nimemaliza vitano. Saibani, mama wa makamo akija na fomu ya bima, nikifika kwenye kisanduku kile huweka kalamu chini kwanza. Namwambia anieleze polepole, hapa si kanisani, Mungu hatakasirika. Wengine hucheka. Wengine huangalia mikono yao kwa muda mrefu, nami nangoja.