Gari Nililolisugua Hadi Mfupa

Naikumbuka Jumapili moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, nilipokwenda kuposa kwa gari langu la kwanza, nikarudi bila jibu. Wewe hunicheka unionapo nikiyazunguka magari yangu ya kale kwa kitambaa mkononi, ukaniuliza mapenzi haya yalianzia wapi. Keti basi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Nilikuwa fundi kijana katika gereji moja mjini Nakuru. Gari lenyewe lilikuwa refu, jeusi, la kifahari, mali ya mkulima Mzungu wa upande wa Elementaita aliyekuwa akirejea kwao. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na injini ilikuwa imenyamaza zamani. Aliniuzia kwa bei ya chuma chakavu. Nililifufua kwa subira. Zilikuwa siku ambazo Mwafrika akionekana ndani ya gari la namna hiyo huulizwa kwanza ni la nani. Nilipolipitisha karibu na stesheni ya reli, mtu mmoja alipaza sauti, "Dereva, tajiri wako umemwacha wapi?"

"Tajiri ndiye huyu!" nikamjibu, nikavimba kama andazi.

Rafiki yangu mmoja alifanya kazi kwenye machimbo ya udongo mweupe wa Kariandusi, laini kama unga wa ngano, na mkewe aliutumia kung'arishia sufuria. Aliniletea kidogo. Nilipousugua kwenye boneti, gari liling'aa hata nikayaona meno yangu. Tangu hapo sikujizuia. Kila nilipotoka kazini nilisugua. Vumbi la barabara nililiona kama tusi, nikaanza kwenda kazini kwa miguu ili gari lisichafuke. Ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini mwenye ngoma ndiye wa mwisho kusikia.

Wakati huo nilimpenda Nekesa, binti wa Mzee Wanyonyi, mtu wa Bungoma aliyefanya kazi ya reli na kuishi na jamaa yake katika nyumba za wafanyakazi. Nekesa mwenyewe alikwisha kunikubali. Lililobaki ni neno la baba yake, na pasipo neno hilo hapangekuwa na ndoa. Basi Jumapili hiyo nililisugua gari tangu alfajiri, nikamchukua mjomba wangu awe msemaji wetu. Nilimtaka avue viatu kabla hajaingia garini.

Mzee Wanyonyi alitoka kutupokea, akamwona mjomba akishuka na viatu mkononi.

"Karibu, mzee mwenzangu. Mmevuka mto gani?"

"Mto wa huyu mpwa wangu," mjomba akajibu huku akiinama kuvivaa. "Gari lake halikanyagwi."

Mzee alicheka, akalizunguka gari polepole, kisha akaweka kidole kwenye ukingo wa boneti. Hapo weusi ulikuwa umekwisha. Rangi ya chini, ya kijivu, ilichungulia, na katikati yake chuma kitupu.

"Limegongwa?"

"Hapana, baba."

"Mvua ya mawe?"

"Hapana, baba. Nimelisugua."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa kulipenda."

Mzee akaondoa kidole. "Kijana, binti yangu ni mtu wa kulima, wa kuimba kanisani, wa kucheka mpaka jirani aje kuuliza kuna nini. Ukimpenda namna hii, utamruhusu atoke nje? Au nitakuja siku moja nikute umemsugua hadi mfupa?"

Ndani ya nyumba nilimsikia Nekesa akicheka, na mama yake akimnyamazisha.

"Leo tunywe chai tu," mzee akasema. "Maneno ya posa njoo nayo baada ya mavuno. Na hapo palipochubuka, usipapake rangi."

Tulipoaga, mjomba alisimama kando ya mlango wa gari. "Mpwa wangu, nipande na viatu au bila?"

"Panda navyo, mjomba," nikasema, nikamfungulia mlango.

Miezi ile nililiendesha gari langu. Lilibeba maharusi, wagonjwa, na magunia ya viazi kutoka Njoro. Mvua ya masika ililipaka tope hadi madirishani. Lilipata mikwaruzo, na kila mkwaruzo nilijua aliyeuleta na alikokuwa akienda. Ajabu ni kwamba mapenzi yangu hayakupungua. Kwa mara ya kwanza nilijua lilivyonguruma likipanda mlima limejaa watu.

Baada ya mavuno nilirudi na mjomba pamoja na shangazi zangu, wamebanana wakiimba. Mzee Wanyonyi hakuitazama boneti. Alifungua mlango wa nyuma, akaona tope sakafuni, akaingia, akaketi.

"Nizungushe kwanza mjini," akasema. "Tukirudi, tutazungumza habari za binti yetu."

Mwanangu, usione haya kupenda kitu kizuri. Mungu hakuumba macho kwa ajili ya kutazama njia tu. Jipatie ukipendacho kwa jasho lako, ukitunze kidumu. Lakini kila kizuri kina ila yake, na kipendwacho, kiwe chombo au mtu, kiache kifanye kazi yake duniani, kizeeke kwa kuishi. Pendo lisiloweza kuvumilia vumbi halijawa pendo.

Mola akujalie vitu vyema, mwanangu, na akujalie watu wengi wa kuvijaza.