Hondohondo wa Kurui

"Mimi nikikaa kibarazani kwangu Misugusugu, nampiga picha nzi aliyetua Mlandizi, na miguu yake unaihesabu!"

Silvanus aliyasema hayo kwenye kikao cha harusi kule Tangini, kipaza sauti mkononi, wakati wenzake wakisubiri atangaze mchango. Watu walicheka hadi mweka hazina akasahau kumdai.

Kamera yenyewe wauzaji huiita bridge: lenzi moja, haichomoki, ila inavuta mbali ajabu. Wapiga picha wa harusi waliidharau. Silvanus, karani wa masjala ambaye cheo kilimpitia mbali miaka yote, hakujali. Maharusi hakuwa na haja nao. Kila Jumamosi alikwenda zake Kurui, wilayani Kisarawe, akatembea porini na rafiki yake Kitwana, mwenyeji aliyejua kila njia ya panya na kila nyumba inayowahi kupika.

Mwezi wa kumi na moja waliona hondohondo jike, ndege wa mdomo mkubwa, akijifungia kwa udongo ndani ya tundu la mti, akibakiza ufa tu wa kupitishiwa chakula. Humo gizani hunyonyoka manyoya ya mabawa, asiweze kuruka. Yeye na makinda wote hutegemea mdomo wa dume.

"Mke wangu Mwanne akimwona mwanamume huyu anavyohudumia," Kitwana alisema, "mimi nimeachika."

"Basi asione mtu. Na tusisogee. Tukianza kukanyaga pale chini, dume ataogopa kuleta."

"Wallahi, Silva. Hata Mwanne hatajua."

Ikawa kwa majuma wanasimama ng'ambo ya korongo, Silvanus akivuta lenzi. Alitaka picha moja tu: siku jike atakapoubomoa ukuta mwenyewe. Zile alizopiga wakati wa kusubiri alimrushia Kitwana kwenye simu, kwa sababu furaha ya peke yako inachosha.

Kisha ukaguzi ukamzuia kazini Jumamosi mbili. Aliporudi, alisikia vicheko kabla hajafika korongoni. Chini ya mti kulikuwa na vijana kutoka Dar, simu juu. Kitwana alikuwa kwenye ngazi, akibandua udongo kwa ncha ya panga, taratibu, kama anamenya yai.

"Tulieni, anaonekana sasa hivi!"

Jike alichomoka, akapiga mabawa yaliyobaki vijiti, akadondoka majanini. Simu zikamfuata. Dume alikuwa kwenye tawi la jirani, tunda mdomoni, hajui ampe nani.

Silvanus alivuka korongo bila kuigusa kamera.

"Kitwana. Uliapa."

"Sasa Silva, wewe una mtambo unaovuta. Hawa wana simu. Wangeona nini, udongo?"

"Wamejuaje?"

"Nilirusha picha zako mtandaoni. Zimependwa, kaka, usipime!" Alishuka ngazi akitabasamu, kama mtu aliyeleta pongezi. "Nilitaka kukuita, nikasema huyu yuko kazini."

Silvanus alivua shati, akamfunika jike. Moyo wake mdogo ulidunda kwenye kiganja chake. Juu, tunduni, makinda walilia, na dume akaruka kuelekea mbali, tunda bado mdomoni.

"Umewatoza shilingi ngapi?"

Kitwana aliangalia wageni wake, akashusha sauti.

"Elfu tano kwa kichwa."